Mkono Uliotangulia Kuzikwa

Mashine ya kupasulia mbao ilikuwa na sauti mbili. Ikizunguka tupu ilivuma, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Ikipewa mbao ililia. Sisi tuliokaa Ngamiani upande wa reli tuliisikia kutwa nzima, na mimi niliisikia kuliko wengine, kwa sababu mtu aliyekuwa akiilisha mbao alikuwa mume wangu.

Tulikuwa bado wageni katika ndoa. Yeye alikuwa mtu wa Mtang'ata, kijiji cha njia ya Pangani, seremala aliyefundishwa kazi na baba yake. Mimi ni Mdigo wa upande wa Horohoro. Tulipanga chumba kimoja, na kwa kuwa hatukuwa na mtoto, asubuhi nilichemsha mihogo na chai ya tangawizi nikaenda kuuza pale pale kwenye ujenzi alipofanya kazi. Lilikuwa ghala la ghorofa, la kuwekea mkonge kabla haujapakiwa melini. Katika miaka ile ya hamsini mkonge ndio uliokuwa ukiulisha mji wa Tanga, na kila aliyekuwa nao alitaka mahali pa kuuweka.

Mahali pale sikupapenda tangu mwanzo. Kuta zilipopanda, upepo ukaanza kuingia kwenye matundu ya madirisha na kutoa mlio mwembamba, na wewe uliyekaa chini na birika lako ulijiona kama unaitwa na mtu asiyejua jina lako. Lakini si upepo ulionitisha. Kilichonitisha ni kibarua mmoja, Mshambaa, kijana mpole aliyekuwa akinunua muhogo mmoja tu na kula nusu, nusu nyingine akaifunga kwenye leso. Siku moja alikanyaga msumari uliokuwa umesimama kwenye ubao wa kumwagia zege. Aliuchomoa mwenyewe, akasugua unyayo kwa mchanga, akarudi kubeba ndoo. Baada ya siku chache alikuja kwangu kama kawaida. Nikamsalimu. Hakujibu. Nilidhani anacheka, kwa sababu meno yake yote yalikuwa nje na mashavu yamevutika nyuma. Lakini macho yake hayakuwa yakicheka hata kidogo.

"Kaka, una nini?" nilimuuliza.

Alijaribu kusema, zikatoka pumzi tu puani. Ilikuwa pepopunda. Alifia hospitali, na Walutheri wenzake waliokwenda kumzika walirudi wakanisimulia kwamba hata ndani ya sanduku uso wake ulikuwa hivyo hivyo, wa kucheka. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mtu akinichekea pale kazini nilimtazama mdomo kwanza, nione kama unafunga.

Basi watu wakaanza kusema. Wapo waliosema ardhi ile haikuombwa vizuri. Wapo waliosema mashine ya mbao ndiyo yenye jini, kwa sababu fundi akishaizima injini ile sahani yenye meno iliendelea kuzunguka peke yake, kimya kimya, muda mrefu kuliko ilivyopasa. Vibarua walipita mbali nayo. Mume wangu aliwacheka.

"Jini gani?" alisema. "Ni uzito wa chuma. Kitu kizito kikishakwenda hakisimami mara moja."

Sahani ile ilikuwa na kinga, bati nene lililokunjwa kama kofia na kufungwa juu ya meno. Siku moja nilipompelekea chai nikaona kofia haipo. Meno yalikuwa wazi, yamekaa mduara, yanang'aa kwa kusuguliwa na mbao.

"Lile bati liko wapi?"

"Limetolewa. Mbao za kushikia paa ni nene, hazipiti chini yake. Fundi mkuu amesema tukimaliza zile nene litarudishwa."

"Na mkono wako?"

Aliinua mkono wa kushoto, ule aliokuwa akisukumia mbao, akaupeperusha mbele ya uso wangu. Ulikuwa mkono mzuri. Nasema hivyo nikijua watu hawasifu mikono ya wanaume. Vidole vyake vilikuwa virefu, na kwenye kidole cha shahada palikuwa na kovu jeupe la randa tangu utotoni.

"Huu una macho yake," alisema. Akanywa chai, akarudi kazini.

Siku ya ajali manyunyu yalikuwa yameanguka tangu alfajiri. Mbao zilizoletwa zilikuwa za mvule, kutoka misitu ya Usambara, bado mbichi. Baadaye niliambiwa jambo ambalo sikuwa nalijua: kwamba mti wa mvule huweza kuwa na jiwe ndani. Jiwe la kweli, gumu, jeupe, limejijenga tumboni mwa mti miaka na miaka, na kwa nje huoni kitu. Mti unasimama, unaangushwa, unapakiwa, unafika mjini, na jiwe limo ndani linangoja.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda changu cha bati namimina chai. Nikasikia mashine inavuma, halafu inalia. Halafu ikatoa sauti ya tatu, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ikanyamaza kufumba na kufumbua, ikaanza tena kuvuma. Sikusikia mtu akipiga kelele. Niliinua kichwa kwa sababu watu wote waliokuwa juu ya ukuta walikuwa wamesimama na kutazama upande mmoja.

Nilikimbia. Mume wangu alikuwa amesimama wima, uso wake mtulivu, anatazama chini kama mtu aliyedondosha kitu. Mkono wa kulia umeshika kifundo cha wa kushoto, na mbele ya kifundo hapakuwa na kitu. Mbao ilikuwa imepaa na kuangukia mbali. Nyuma yake ile sahani ilikuwa bado inazunguka.

"Zimeni," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hebu izimeni jamani, inanipigia kelele."

Fundi mkuu alikuwa Singasinga, mtu wa makamo. Alishuka ngazi akikimbia, akavua kilemba chake mwenyewe, akakizungushia mkono ule, akakaza mpaka vidole vyake vikawa vyeupe. Alikuwa akilia waziwazi. Akampakia mume wangu kwenye gari lake, na mimi nilipotaka kupanda akanizuia kwa mkono. "Mama, njoo nyuma. Nyuma yetu. Hapa damu nyingi." Gari likaondoka.

Nikabaki nimesimama kwenye vumbi la mbao, sijui la kufanya. Ndipo akaja seremala mwenzake, mzee Mbondei aliyekuwa akipiga randa. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Alikishika kwa mikono yote miwili, mbali na kifua chake.

"Dada," aliniambia, "huu ni wa kwenu."

Nilipokea. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na ulikuwa bado na joto. Niliutia kwenye kikapu nilichobebea mihogo, nikaufunika kwa upande mmoja wa kanga yangu, nikashika njia ya hospitali.

Njia ile nimeipita mara nyingi tangu siku hiyo na kila mara naikumbuka vile vile. Manyunyu yalikuwa yamekatika na jua limetoka. Watu walikuwa wakinunua mboga. Mwanamke alikuwa akimsuka mwenzake barazani. Nikakutana na mzee mmoja wa mtaani kwetu, jirani wa karibu, na mdomo wangu ukafanya kazi yake wenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naona kikapu leo kizito. Umepata samaki?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Samaki gani?"

Sikuweza kutaja samaki hata mmoja. Majina yote yalinitoka. Mzee alinitazama, akatazama kikapu, na tabasamu lake likaondoka taratibu. Hakuuliza tena. Nilipogeuka baadaye alikuwa bado amesimama pale pale.

Hospitali waliniambia hauungiki. Msaidizi wa daktari, kijana aliyevaa kaptula nyeupe, alifungua karatasi, akatazama, akaifunga tena kwa adabu. Alisema mwenye mkono ataishi, amepewa dawa na amelala. "Huu nendeni mkauzike, dada. Kwa joto hili msikawie."

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa ameshafika. Tulipita kwa mwalimu wa msikiti wetu kuuliza. Alituambia uoshwe, ufungwe kitambaa safi, ufukiwe kwa heshima, lakini usisaliwe, kwa sababu mwenyewe yu hai. Aliyatamka maneno hayo polepole, kana kwamba naye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Mchana huo huo tukapanda basi la Pangani.

Nilikaa dirishani, kikapu mapajani. Barabara ilikuwa mbovu, na kila basi liliporuka nilihisi kitu kikigonga ndani ya kikapu, kidogo tu, kama anayebisha hodi kwa kujizuia. Shemeji yangu alikuwa amekaa kando yangu na hakunitazama njia nzima. Mashamba ya mkonge yalipita, safu baada ya safu. Mara moja niliingiza mkono wangu chini ya kanga nikaushika juu ya karatasi, usigonge tena. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nadhani nilitaka utulie. Ukatulia.

Mama mkwe wangu alikuwa uani anatwanga. Alikuwa ameshaona kwamba tumekuja bila mwanawe na alikuwa ameshaweka mchi chini kabla hatujafika karibu. Shemeji alimweleza. Hakupiga yowe. Aliuliza jambo moja tu: "Yu hai?" Tukasema yu hai. Akasema, "Basi nipeni mwanangu."

Alitandika mkeka kivulini, akafungua karatasi, akatoa vumbi la mbao kwa kidole. Mkono ulikuwa umefumbwa, ngumi imekaza. Aliutazama ule mkono kama mtu anayesoma. Akagusa kovu la randa. Akagusa kucha.

"Kucha hizi nilizikata kwa meno yangu," aliniambia. "Alipokuwa mchanga. Niliogopa wembe."

Aliuosha kwa maji ya vuguvugu, akiupitisha kiganjani mwake, na midomo yake ikicheza bila sauti. Alipofika kwenye vidole alijaribu kuvifumbua, vikakataa. Shemeji alisogea amsaidie. Mama akamzuia.

"Mwache. Usimlazimishe."

Ukafungwa hivyo hivyo, umefumbwa. Shemeji alichimba kaburi dogo miguuni pa kaburi la baba yao. Dogo mno, mtu asiyejua angedhani ni la mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Jioni tulirudi mjini, na kikapu nilikiacha kule. Mama mkwe hakukitumia tena, nami sikukidai.

Mume wangu alipotoka hospitali alikuwa amekonda lakini akili yake timamu. Kilichobaki cha mkono wake kilikuwa kimefungwa bendeji nyeupe, mviringo kama kichwa cha mtoto. Nilimwambia tumeuzika kwao, mama yake ndiye aliyeuosha. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Zaidi ya hayo sikumwambia, naye hakuniuliza.

Asubuhi moja nilikuwa nampa uji. Akaniambia, "Mke wangu, nisaidie jambo. Nifumbue mkono."

Nikashika mkono wake wa kulia. Ulikuwa wazi.

"Si huo," alisema. "Ule. Umefumbwa. Kucha zinanichoma kiganjani. Nimejaribu tangu nilipokuwa hospitali, hautaki kufumbuka."

Nilisimama na bakuli mkononi. Hakuna aliyemwambia kwamba ulikuwa ngumi. Shemeji yangu nilimuuliza baadaye, akaapa hajasema. Mama mkwe alikuwa hajaja mjini.

Nilimpeleka kwa daktari. Daktari alisema ni mishipa; mwili hukumbuka kilichokatwa, nao hudanganyika kwa muda. Alitwambia tuvumilie. Mume wangu aliyakubali maneno hayo, kwa sababu yalifanana na yale yake ya uzito wa chuma. Lakini ngumi haikufumbuka. Mashine ilipoanza kulia kule ghalani, kwa sababu walikuwa wamempata mtu mwingine wa kuilisha, alikaa barazani na bega lake la kushoto likisogea mbele na kurudi, mbele na kurudi, likisukuma mbao ambayo haipo. Mwenyewe hakujua. Nikimshika bega anashtuka.

"Wanapasua mvule sasa," alisema siku moja akiwa amefumba macho. "Mikono yangu inajua."

Alisema mikono. Sikumsahihisha.

Masika yalipokolea, mambo yakageuka. Alianza kusema mkono una baridi, kisha umelowa. Aliukausha, yaani alichukua taulo akalisogeza hewani mbele ya bendeji, kwa uangalifu, kidole kwa kidole, nikilazimika kutoka nje nisimtazame. Halafu alasiri moja aliruka kutoka kwenye kiti akiupiga ule mkono wa bendeji kwenye mapaja.

"Siafu!" alipiga kelele. "Wanang'ata! Watoe, watoe!"

Nilitazama chini, nikatazama kitini, ukutani, kwenye nguo zake. Hapakuwa na siafu hata mmoja. Yeye alikuwa akitokwa na jasho, meno yameumana. Majirani walikuja, wakasimama mlangoni, wakarudi nyuma. Wanawake wakaanza kusema apelekwe kwa mganga. Alipopata nafuu kidogo aliniambia kwa sauti ya chini, "Mimi si mwenda wazimu. Nipeleke kijijini."

"Ukafanye nini?"

"Nikaone."

Tulikwenda kesho yake, yeye, mimi na mdogo wake. Mama mkwe alisikiliza habari yote akiwa ameshika shavu. Alisema kaburi halifukuliwi. Mume wangu akamjibu kwa upole, "Mama, mwenye kaburi nimekuja mwenyewe." Mama akatangulia njiani.

Kabla hatujafika tuliona. Mstari mweusi ulikuwa ukitoka kwenye majani, unapita juu ya mchanga, unaingia kwenye ufa ambao mvua ilikuwa imeukata ubavuni mwa lile kaburi dogo. Mstari mwingine ulikuwa ukitoka. Siafu, wengi, wanakwenda na kurudi bila haraka, kama watu wanaohama nyumba.

Shemeji alichukua jembe. Mama mkwe alimwaga majivu kwenye njia ya siafu mpaka wakatawanyika. Udongo ulipoondolewa, mume wangu akapiga magoti na kuutoa mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia.

Nimeona watu wakizika baba zao na watoto zao. Sijaona kabla ya siku ile wala baada yake mtu aliyeshika mabaki yake mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kimeoza. Ndani yake palikuwa na mifupa zaidi kuliko nyama, lakini ngumi ilikuwa bado ngumi, imeshikana. Aliigeuza juani.

"Kumbe mdogo hivi," alisema.

Tulimwacha akae nao. Alikipapasa kidole cha kwanza, akakifumbua, kikakubali. Akafuata cha pili. Kila alipofumbua kimoja nilimwona akishusha pumzi, na bega lake la kushoto likashuka. Sote tulikuwa tumeinama mbele. Nadhani kila mmoja wetu alitazamia kwamba ndani ya ile ngumi mna kitu. Kilipofunguka cha mwisho hapakuwa na kitu ila vumbi la mvule, kijiko kidogo tu, la rangi ya dhahabu. Lilikuwa kavu. Baada ya mvua zote zile, na ufa ule, lilikuwa kavu kama lililotoka mashineni asubuhi hiyo. Upepo ukalichukua.

Mama mkwe aliuosha tena, akaufunga kitambaa kipya. Safari hii uliwekwa ukiwa umefunguka, na shemeji alizungushia chokaa ili siafu wasirudi. Tulipomaliza kufukia mume wangu alibaki amekaa chini. Nilimwendea.

"Vipi?"

Alinyoosha mkono ule usio na kiganja, akautazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. "Umefumbuka," alisema. "Umelala."

Sikumsikia tena akilalamika siafu wala ngumi. Daktari nilimweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mtu akiamini jambo mwili nao huamini. Huenda ni hivyo. Mimi nasema niliyoyaona.

Lakini mkono haukuondoka. Uliacha tu kuumia. Alikuwa akinieleza umekaa wapi: sasa uko juu ya goti, sasa umening'inia. Siku moja nilikuwa nimeinama nachekecha unga, nikahisi kitu kimetua begani pangu, chepesi na cha joto, kama anavyofanya mtu akitaka kupita nyuma yako. Nikasogea apite. Hapakuwa na mtu nyuma yangu. Yeye alikuwa ng'ambo ya ua, ananitazama, na kigutu chake kimeinuka.

"Umesikia?" aliuliza.

Nilimwambia sikusikia kitu. Nilikwenda jikoni nikakaa mpaka moyo ukatulia.

Ghala lilikwisha. Kofia ya bati, niliambiwa, ilirudishwa juu ya meno siku ile ile ya ajali, na fundi mkuu hakuruhusu mtu aitoe tena hata kwa mbao nene namna gani. Zile walizipasua kwa msumeno wa mkono. Alikuja nyumbani mara mbili, akakaa na mume wangu wakizungumza habari za mbao. Mara ya pili alileta patasi zake mwenyewe, nzuri, za mpini wa mti mgumu, akaziweka juu ya mkeka bila maelezo.

Zilikaa pale. Mume wangu alizitazama kila siku. Mwishowe aliniita.

"Mke wangu, njoo ushike hapa."

Jirani alikuwa akitaka mlango. Mume wangu alikuwa amepata mbao, amezilaza chini, lakini mtu mwenye mkono mmoja akipiga nyundo hana wa kushika patasi. Nikapiga magoti nikashika. Ndivyo tulivyoanza. Watu walipita wakicheka kidogo, mwanamke anachonga mlango, halafu wakazoea. Yeye alipiga, mimi nilishika. "Kaza. Si hapo, chini kidogo. Lalisha." Baada ya muda hakuhitaji kuniambia. Nilijua patasi inataka kwenda wapi kabla hajafungua mdomo, na sikujua nimejuaje. Nilikuwa Mdigo niliyezaliwa kwenye mihogo na minazi, sijawahi kushika chombo cha fundi maishani.

Siku tulipokuwa tukimalizia mlango ule, mume wangu aliinuka kwenda kuchukua maji mtungini. Alikuwa amenipa mgongo. Mimi niliendelea peke yangu, nikisukuma patasi kwa kiganja kusafisha pembe ya tundu la kitasa. Nikasikia mume wangu anapiga kelele, "Mkono!" Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameangusha kata, maji yamemwagika miguuni, na ameshika kigutu chake. Alikuwa akitafuta kitu cha kufungia. Akavuta leso mfukoni, akaizungusha pale mkono ulipoishia, akakaza kwa meno.

"Nimekatika," alisema. "Nimejikata kidole gumba."

Nikamwambia, "Mume wangu, tulia, hapana kitu." Ndipo nilipohisi unyevu. Nikatazama chini. Patasi ilikuwa imeteleza, na kidole gumba changu cha kushoto kilikuwa wazi hadi kwenye mfupa, damu inatiririka juu ya mbao mpya. Maumivu yalikuwa hayajanifikia bado. Yalikuja baadaye, nikiwa nimeshaiona damu.

Tukatazamana. Nje watu walikuwa wakipita na baiskeli zao, wakisalimiana. Alisimama pale na leso ile nyeupe, safi, haina hata tone, imefungwa kwenye mkono ambao haukuwapo. Halafu akaja, akapiga magoti mbele yangu, akaifungua kwa meno, akanifunga mimi.